Kamba, mende na vumbi: Undugu usioonekana kwa macho

(Haya ni mazungumzo yaliyosikika redioni wiki hii.)



Katika kila ukoo hapakosi mtu mmoja asiyepatana na chakula fulani. Wenzake wanakula kamba wa nazi na kujilamba vidole, yeye akionja kipande kimoja tu midomo inavimba, mwili unawasha, macho yanakuwa mekundu na pumzi zinambana. Wengine watasema ni mwiko wa ukoo wao. Wengine watasema damu yake haipatani na kamba. Na wapo, kwa bahati mbaya, watakaoanza kuulizana kwa kunong'ona ni nani aliyepika na ni nani aliyepakua.

Jambo hilo lina jina, nalo ni mzio, au aleji kama wengi tulivyozoea kuliita. Ninachotaka tuzungumze wiki hii ni kitendawili kilichomo ndani ya mzio huo. Inakuwaje mtu ambaye hajapata kula kamba maisha yake yote aonje mara ya kwanza na kuvimba midomo siku hiyo hiyo? Inakuwaje muuguzi anayewashwa na glavu za mpira ajikute siku moja hawezi tena kula ndizi mbivu? Na inakuwaje mtu apimwe damu, aambiwe ana mzio wa ngano, ilhali amekuwa akila mkate na chapati tangu utotoni bila kuumwa hata siku moja?

Maswali yote matatu yana jibu moja. Mwili hautambui chakula kwa jina lake, wala kwa mahali kinapopangwa sokoni. Hukitambua kwa umbo la vitu vidogo sana vilivyomo ndani yake. Na vitu viwili ambavyo sisi hatuoni uhusiano wowote baina yao vinaweza kuwa, mbele ya mwili, ndugu wa tumbo moja. Asiyeujua undugu huo anaweza kupoteza maisha. Lakini anayeujua nusu nusu naye ni wa kuogopwa, maana anaweza kumnyima mtoto wake chakula chema bila sababu.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba sumu ya viumbe wa baharini ambayo mnyama aliivumilia mara ya kwanza inaweza kumuua kwa dakika chache ikirudiwa baada ya majuma kadhaa, hata kama kipimo cha pili ni kidogo. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa mjini Vienna, Austria, aliyeitwa Clemens von Pirquet. Alikuwa ameona kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, wakati mwingine hugeuka ikawa ndiyo yenye kutudhuru.

Ni kitu gani hasa kinachobeba uadui huo? Dalili ya jibu ilionekana mwaka 1921 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo huitwa Wrocław, nchini Poland. Heinz Küstner alikuwa daktari aliyedhurika kila alipokula samaki. Mwenzake, Carl Prausnitz, alikula samaki bila taabu yoyote. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner na kuyadunga kwenye ngozi ya Prausnitz. Kesho yake wakadunga mahali pale pale majimaji ya samaki. Ngozi ya Prausnitz ikavimba na kuwasha, lakini mahali pale tu. Kumbe uadui ule ulikuwa ndani ya damu, na uliweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata kitu chenyewe. Kati ya mwaka 1966 na 1967, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, na watafiti wengine wa Uppsala, Sweden, kila upande kwa njia yake, waliitambua aina ya kingamwili ambayo mwaka 1968 ilipewa jina la IgE. Kingamwili, kwa lugha nyepesi, ni walinzi wanaozunguka katika damu yetu wakitafuta wavamizi.

Hebu tumfikirie mlinzi huyo kama askari wa getini. Ameambiwa kuna mwizi, lakini hakupewa picha yake nzima. Amepewa alama moja tu: mwizi ana kovu kwenye shavu la kushoto. Basi askari wetu, kwa bidii yake, atamkamata kila mwenye kovu kwenye shavu la kushoto. Atamkamata mwizi, atamkamata fundi seremala, atamkamata na shehe anayekwenda zake msikitini. Hana nia mbaya. Anafuata alama aliyopewa.

Ndivyo IgE inavyofanya kazi. Haikitambui kiumbe kizima. Inatambua kipande kidogo cha protini, kovu lile la shavuni. Ikikigusa, seli fulani za mwili hupasua maghala yao na kumwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini, na hapo ndipo mtu huanza kuwashwa, kuvimba, kupiga chafya, kutapika au kubanwa pumzi. Na kwa kuwa viumbe wengi wa dunia hii wana asili moja ya mbali, protini zao nyingi zimebaki zikifanana. Kinga iliyojifunza kumchukia mmoja hujikuta ikimvamia na ndugu yake. Hali hii tunaweza kuiita mzio mtambuka, yaani mzio unaovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine.

Jambo hili lilichunguzwa sana Ulaya, na ni kwa sababu ya mti mmoja. Nchi za kaskazini na kati ya Ulaya zimejaa mti uitwao betula. Kila majira ya kuchipua, mti huo hutoa chavua nyingi sana, yaani ule ungaunga wa maua unaopeperushwa na upepo. Watu wengi huko huwashwa macho na kutokwa na makamasi majuma mazima. Madaktari wakaona kwamba wengi wa wagonjwa hao wakila tufaha, yale matunda ambayo wengi wetu huyaita epo, huwashwa midomo na koo hapo hapo. Wengine hivyo hivyo kwa pichi, peasi na karoti mbichi. Mwaka 1989 watafiti wa Vienna walifanikiwa kuisoma protini kuu ya chavua ya betula kwa njia ya vinasaba, na baadaye ikaonekana kwamba tufaha lina protini inayofanana nayo sana. Mgonjwa hakuanza kuchukia tufaha. Alianza na chavua iliyoingia puani mwake, na askari wa getini akaliona kovu lile lile kwenye tufaha.

Lakini angalia jambo moja la kushangaza. Mgonjwa yule yule akipikiwa tufaha, au akipewa jamu yake, mara nyingi hapati tabu yoyote. Sababu ni kwamba protini ile ni dhaifu mbele ya moto. Ikipikwa, umbo lake huvurugika na kovu hufutika, na askari hamjui tena anayepita. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu tukirudi nyumbani tutakuta kinyume chake kabisa.

Huku kwetu hatuna misitu ya betula. Tunacho kitu kingine: kamba wa delta ya Rufiji na wa Malindi, mende wa jikoni, na vumbi la godoro. Watu wengi wa mijini wamezoea kusema kwamba vumbi huwaletea chafya na pumu. Mara nyingi anayehusika si vumbi lenyewe. Ni utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye magodoro, mito na mazulia na kula magamba ya ngozi yetu. Vidudu hivyo hupenda sana hewa yenye joto na unyevu, na hewa ya namna hiyo pwani yetu haina upungufu nayo. Mende naye, kwa vinyesi vyake na vipande vya mwili wake vinavyosagika na kuruka hewani, ni mchochezi mkubwa wa pumu katika nyumba za mijini.

Sasa, kamba anaingiaje hapa? Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba kichochezi kikuu cha mzio wa kamba ni protini ya misuli iitwayo tropomaiosini. Misuli ya wanyama wote ina protini ya namna hiyo, sisi pia tunayo. Lakini ile ya kamba, kaa, mende na utitiri inafanana sana, kwa kuwa wote hao ni jamii moja kubwa: viumbe wenye miguu ya pingili na gamba la nje. Sisi tunamweka kamba kwenye sahani, mende tunampiga kwa kandambili. Kwa kinga ya mwili, wote ni watoto wa ukoo mmoja.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja kwa njia ambayo wengi wasingeifikiria. Dini ya Kiyahudi huwakataza wafuasi wake kula kamba na kaa, na Wayahudi wanaoshika sana sheria hiyo hawavili kabisa. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa damu ya watu wa namna hiyo ambao walikuwa na mzio wa utitiri wa vumbi. Baadhi yao walikutwa na kingamwili zinazoishika protini ya kamba, ingawa kamba hajapata kupita kinywani mwao. Kinga yao ilikuwa imejifunza somo hilo kutoka kwenye vumbi la nyumba.

Hapo ndugu msikilizaji tumepata jibu la swali letu la kwanza. Yule anayevimba siku ya kwanza anapoonja kamba, huenda mwili wake umekuwa ukifundishwa kwa miaka mingi, usiku baada ya usiku, na godoro analolalia. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Na tofauti na protini ile ya tufaha, hii ya kamba ni sugu. Haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Kamba wa supu, kamba wa nazi, kamba mkavu wa kusaga, wote bado wanalo kovu shavuni. Kwa hiyo yule anayemwambia mwenzake, "Kula tu, hawa wamekaangwa vizuri," anampa ushauri wa hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu na wadudu wanaoliwa, wakiwamo senene na kumbikumbi. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuruhusu baadhi ya wadudu kuuzwa kama chakula kuanzia mwaka 2021, uliagiza pakiti ziandikwe onyo kwa watu wenye mzio wa kamba na kaa, na kwa wenye mzio wa utitiri wa vumbi.

Tuje kwa muuguzi na glavu zake. Glavu nyingi za hospitali zilitengenezwa, na nyingine bado zinatengenezwa, kwa utomvu wa mpira, mti wenye asili ya Brazil. Matumizi ya glavu yaliongezeka sana duniani baada ya kuzuka kwa ugonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1980, na pamoja nayo ukaongezeka mzio wa mpira miongoni mwa wauguzi, madaktari wa upasuaji na watu waliofanyiwa operesheni nyingi, hasa watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Poda iliyokuwa ikiwekwa ndani ya glavu ilizidisha tatizo, kwani ilibeba protini za mpira na kuzipeperusha hewani. Marekani ilizipiga marufuku glavu za poda kuanzia Januari 2017.

Wagonjwa hao wa mpira wakaanza kulalamika kuhusu matunda. Mwaka 1994 madaktari wa Hispania waliipa hali hiyo jina la ugonjwa wa mpira na matunda. Matunda yanayotajwa zaidi ni ndizi, parachichi na kiwi, na papai nalo limo katika orodha. Mti wa mpira ukijeruhiwa hutoa protini za kujilinda na ukungu. Ndizi na parachichi nazo zina protini za kujilinda zenye kipande kinachofanana na kile cha mpira. Katika tafiti mbalimbali, kati ya asilimia 30 na 50 ya watu wenye mzio wa mpira wameonekana kuwa na mzio wa tunda mojawapo.

Hii si habari ya wauguzi peke yao. Mpira uko kwenye puto la sherehe ya mtoto na kwenye kondomu. Mtu anayewashwa na kuvimba midomo akipuliza puto amwambie daktari kabla hajafanyiwa upasuaji au kung'olewa jino. Neno moja kabla ya operesheni linaweza kuwafanya wabadilishe glavu, na hilo likaokoa maisha.

Hadi hapa nimekuwa nikieleza hatari ya kutoujua undugu. Sasa nataka nigeukie upande wa pili, kwa sababu naona ndipo madhara mengi yanapofanyika kimya kimya.

Tuseme mama mmoja ana mtoto wa miaka miwili aliyevimba uso baada ya kula karanga. Mama anaambiwa na jirani kwamba karanga ni jamii ya kunde. Ni kweli, karanga ni jamii ya kunde, na hukua ardhini. Basi mama anaondoa maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu. Mwingine anamwambia aondoe na korosho, na maziwa, na mayai, na samaki, kwa tahadhari tu. Baada ya miezi sita mtoto anakula uji mweupe na wali. Mzio haukumdhuru tena, lakini utapiamlo umeingia kwa mlango wa nyuma.

Undugu wa protini, ndugu msikilizaji, haufanani nguvu. Mwaka 2001 Dk. Scott Sicherer wa New York alikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyaweka pamoja, nayo yanafaa kubandikwa ukutani. Mtoto mwenye mzio wa karanga ana uwezekano wa kama 1 kati ya 20 tu wa kudhuriwa na kunde nyingine. Kwa hiyo maharage kwa kawaida anaweza kula. Mwenye mzio wa kamba ana uwezekano wa kama 3 kati ya 4 wa kudhuriwa na kaa au kambakochi. Hapo tahadhari ni lazima. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe ana uwezekano wa zaidi ya 9 kati ya 10 wa kudhuriwa na maziwa ya mbuzi. Hili la mwisho lisikilizwe vizuri, kwa maana ushauri wa "mbadilishie umpe ya mbuzi" umeenea sana mitaani, nao kwa mtoto mwenye mzio wa kweli wa maziwa ni ushauri wa hatari. Lakini mtoto huyo huyo kwenye nyama ya ng'ombe ana uwezekano wa kama 1 kati ya 10 tu.

Angalia basi jinsi akili ya kawaida inavyodanganywa. Mbuzi na ng'ombe ni wanyama wawili tofauti, lakini maziwa yao ni ndugu wa karibu. Maziwa na nyama ya ng'ombe vimetoka kwa mnyama mmoja, lakini undugu wao ni wa mbali. Vivyo hivyo kamba na samaki huuzwa pamoja pale Feri na huwekwa katika kundi moja la "vyakula vya baharini". Protini zao zinazochochea mzio ni tofauti kabisa. Anayedhuriwa na kamba mara nyingi anaweza kula changu na jodari bila shida, ili mradi havikukaangwa katika mafuta yale yale. Pweza na ngisi wako katikati: wengine huwadhuru, wengine hawawadhuru. Korosho na karanga si jamii moja, lakini korosho na pistachio, zile kokwa za kijani ziwekwazo kwenye vitamu vya Kiarabu, ni ndugu wa karibu sana. Mwenye mzio wa korosho aulize kilichomo ndani ya halua kabla hajaonja.

Ndipo tunapofika kwenye swali la tatu, la ngano. Ngano, mahindi, mpunga na mtama vyote ni jamii ya nyasi. Mtu anayepiga chafya kwa sababu ya chavua ya nyasi akipimwa damu, mara nyingi kipimo kitaonyesha kingamwili dhidi ya ngano, kwa sababu ya zile protini zinazofanana. Lakini mtu huyo anakula mkate kila asubuhi na yuko salama. Kipimo hakikudanganya: kingamwili zimo kweli. Ila kuwa na kingamwili si sawasawa na kuwa mgonjwa. Askari ameliona kovu, akanyanyua macho, akaacha mtu apite.

Kwa hiyo karatasi ya maabara peke yake haimtoshi mtu kuacha chakula. Kinachotangulia ni historia: ulikula nini, baada ya muda gani uliumwa, uliumwaje, na imetokea mara ngapi. Daktari husoma karatasi ile akiwa na historia hiyo mkononi. Palipo na shaka, njia ya uhakika ni kumpa mtu chakula chenyewe kidogo kidogo mbele ya daktari, hospitalini, penye dawa na vifaa. Narudia, hospitalini. Asije mtu akafanya jaribio hilo sebuleni kwake kwa sababu alisikia redioni.

Vile vile wale wenye mzio wa utitiri wa vumbi wasikimbie kuacha kamba leo jioni. Wengi wao hula kamba bila tatizo. Kama umekuwa ukila na hujawahi kudhurika, endelea kula. Ukianza kuwashwa koo au midomo, hapo ndipo usimame na uende ukaonane na daktari.

Zipo hatua ambazo kila nyumba inaweza kuzichukua. Ya kwanza ni kuandika. Mtu akidhurika, andikeni siku ile ile vyakula vyote alivyokula, dawa alizomeza, na saa dalili zilipoanza. Baada ya mwezi mmoja hakuna atakayekumbuka kama mchuzi ule ulikuwa na kamba wa kusaga ndani yake.

Ya pili ni kusema. Mwenye mzio aseme kwa mwenyeji wake, kwa mama ntilie, kwa mwalimu, kwa mpishi wa harusi. Utamaduni wetu hutufundisha kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na vijana wengi humeza kile wanachojua kitawadhuru ili wasimuudhi mjomba au mama mkwe. Nawaomba wazazi na wazee waliondoe jambo hilo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, anayeuza chakula analazimika kueleza kama kina kimojawapo cha vichochezi 14 vya mzio, wakiwamo kamba, samaki, karanga, maziwa na mayai. Wauza chakula wetu wengi hawana karatasi za kubandika, lakini wana midomo. Mteja akiuliza, "Mafuta haya mmekaangia nini?" ajibiwe kweli, asijibiwe kwa mzaha.

Ya tatu ni kuitambua hatari inapofika. Vipele na kuwashwa peke yake havitishi sana. Lakini sauti ikikauka ghafla, pumzi zikibana, ulimi ukivimba, mtu akitapika mfululizo, akilegea au akizimia baada ya kula, huo ni mshtuko wa mzio na unaua kwa dakika. Mlaze chali, umwinue miguu. Kama anabanwa sana na pumzi, mwache akae. Msimsimamishe wala msimtembeze. Mkimbizeni kwa gari mpaka hospitali ya karibu na mseme mlangoni kabisa kwamba ni mzio. Dawa inayookoa ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya mzio kama Piriton hupunguza mwasho, lakini havifungui koo lililofunga wala haviinui presha iliyoshuka. Watu hupoteza muda wa thamani wakisubiri kidonge kifanye kazi ya sindano.

Adrenalini si dawa ya ajabu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zile sindano maalumu za kutembea nazo ni ghali na ni wachache wanaozimudu, lakini kichupa cha kawaida cha adrenalini hakipaswi kukosekana katika zahanati yoyote, wala mhudumu asiogope kukitumia. Waganga wakuu wa wilaya na wenye zahanati binafsi wakague makabati yao. Na shule za bweni, ambazo huwalisha mamia ya watoto kutoka sufuria moja, ziulize swali la mzio kwenye fomu za kujiunga, na jibu lifike kwa mpishi, lisiishie kwenye faili la ofisi.

Kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye kamba, karanga, mayai au maziwa yamewahi kumdhuru, usimcheke, usimshuku jirani, na usimfungie vyakula vyote vya dunia. Mpeleke akapimwe, umweleze daktari historia yote, kisha umuulize swali hili: katika ndugu wa chakula hiki, ni yupi wa kuogopa na ni yupi tunaweza kuendelea kumkaribisha mezani?